Mishahara Ilikatwa Sawa, Wizi Haukulingana

Mwaka 1990 mtafiti Jerald Greenberg alichapisha habari za kampuni moja ya Marekani iliyopoteza mikataba, ikalazimika kukata mishahara kwa asilimia 15 kwa muda wa wiki 10 katika viwanda vyake viwili. Kiwanda cha tatu hakikuguswa, kikabaki cha kulinganishia.

Kiwanda cha kwanza alikwenda rais wa kampuni mwenyewe. Alikaa na wafanyakazi kama saa moja na nusu, akawaonyesha hesabu, akawaeleza kwamba fedha zinakatwa ili asifukuzwe mtu, akaomba radhi, akajibu maswali. Wafanyakazi wa cha pili waliitwa kwa robo saa hivi, wakatangaziwa uamuzi, basi.

Wizi wa mali ya kampuni uliongezeka kote kuwili, lakini kule kwa robo saa uliongezeka zaidi, na walioacha kazi walikuwa wengi mno kuliko kwa wenzao. Mishahara iliporudishwa, wizi ukashuka. Kumbe mtu akielezwa anaweza kuvumilia zaidi kukatwa fedha. Kufanywa mtu asiyejua wala asiyestahili kujua ndiko kunakomtia uchungu zaidi.

Maofisini kwetu jambo hili utaliona kwenye orodha ya semina. Majina yanabandikwa, waliochaguliwa ni walewale wa mwezi uliopita, na hakuna ajuaye vigezo. Hagombi mtu, atakayegombana na bosi ni nani? Ila kuanzia siku hiyo aliyeachwa atafanya alichoagizwa tu, na akiona kosa kwenye ripoti ataliacha lipite, kwani si lake. Mkuu wa idara ataona utulivu, aseme timu yangu haina matatizo.

Ukimya wa namna hiyo hauletwi na kinyongo peke yake. Hata heshima ya cheo huuleta. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife, ukungu ulikuwa mzito na mawasiliano ya redio yaliingiliana. Ndege ya shirika la KLM ilipoanza kukimbia ili iruke, mhandisi wake aliuliza kama ndege ya shirika la Pan Am, iliyokuwa kwenye njia ileile, imekwisha toka. Nahodha, rubani wa kuheshimika sana katika shirika lake, akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakubishana tena. Ndege zikagongana, wakafa watu 583. Mashirika ya ndege baadaye yalianza kuwafundisha marubani wadogo kusema, na manahodha kusikiliza. Mimi naona somo la pili ndilo gumu.

Kwa hiyo mkuu wa idara unayesoma haya, orodha ijayo isibandikwe kabla ya vigezo vyake. Na kikaoni, waache wadogo waseme kwanza, wewe useme mwisho.