Yuko Wapi Kijana Tuliyemfundisha?

Kila robo mwaka inapoisha, mashirika yanayohudumia vijana Bukoba na Muleba huandika taarifa zinazofanana. Vijana kadhaa wamefundishwa ujasiriamali, wengine wamepewa vyerehani, semina za afya ya uzazi zimefanyika, karatasi za mahudhurio zimeambatanishwa. Nimesoma taarifa nyingi za namna hii katika kazi yangu ya ufuatiliaji na tathmini. Karibu zote hazijibu swali ambalo mzazi yeyote wa Kanazi, huku Bukoba, angeuliza: mwanangu alipotoka kwenu, maisha yake yamebadilikaje?

Kugawa cherehani ni shughuli. Matokeo ni binti yule kuonekana mwaka mmoja baadaye akishona sare za shule na kulipa pango kwa fedha yake. Shughuli huhesabiwa ofisini, lakini matokeo lazima uyafuate aliko mtu.

Na kufuata watu si jambo geni kwetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa kwetu mkoani Kagera mwaka 1983. Mwaka 1991, vijiji vyetu vikiwa bado vinazika watu wazima na kubaki na yatima, watafiti wa Benki ya Dunia na wa chuo cha Muhimbili walianza kuzitembelea kaya zaidi ya 900 katika jamii 51 za mkoa huu. Hadi 1994 walikuwa wamezihoji hadi mara nne. Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta watu wale wale. Watoto wa 1991 walikuwa wameoa na kuolewa, wengine wamehamia Mwanza, Dar es Salaam, hata Uganda. Wakafuatwa huko huko, kwa kuulizia ndugu na majirani. Katika kila kaya 10 za mwanzo, zaidi ya 9 zilipatikana, japo kwa mtu mmoja. Na kwa kuwa familia zilikuwa zimegawanyika, kaya zile 900 zilikuwa zimezaa zaidi ya 2,700. Mwaka 2010 kazi ikarudiwa tena.

Uvumilivu huo ulileta majibu ambayo hayangepatikana kwa njia nyingine. Mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 alipungukiwa takriban sentimita 2 za urefu alipokuwa mtu mzima, na takriban mwaka mmoja wa shule. Ni pengo ambalo mwalimu wa semina ya siku mbili hawezi kuliona, hata awe na moyo mwema kiasi gani.

Jibu jingine linawahusu moja kwa moja wanaofundisha vijana stadi za kazi. Walipolinganishwa watu waliotoka nyumba moja, matumizi ya waliohama yalikua kuliko ya ndugu zao waliobaki, kwa tofauti ya pointi 36 za asilimia. Fikiri maana yake. Tuseme kikundi cha Kanazi kimefundisha vijana 40 useremala, kisha mwaka unaofuata kikawahoji wale tu walio karibu na ofisi. Huenda waliofanikiwa zaidi ndio waliokwishaondoka. Au huenda waliondoka kwa sababu ufundi haukuwalipa. Bila kuwatafuta, kikundi hakitajua kama kimefaulu au kimeshindwa, na taarifa yake itakuwa ya bahati nasibu.

Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, Mwanza, kuna kisa kinachohitaji moyo mgumu kidogo. Mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza mwaka 1999 chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), shirika la afya la AMREF na washirika wao wa London. Jamii 20 zilihusishwa: 10 zilipata masomo ya afya ya uzazi shuleni na huduma rafiki kwa vijana kwenye vituo vya afya, nyingine 10 ziliendelea kama kawaida. Miaka mitatu baadaye, vijana wa upande wa mradi walijua mengi zaidi na majibu yao yalikuwa bora zaidi. Vipimo vya maabara vikaonyesha mengine: maambukizi ya VVU na mimba havikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Mwaka 2007 na 2008 walifikiwa karibu vijana 14,000, na jibu halikubadilika. Wangeishia kwenye dodoso, wangeshangilia. Walipima hadi mwisho, wakachapisha walichokikuta, na waliokuja baada yao wakajua kwamba elimu ya darasani na huduma za kituo cha afya peke yake hazitoshi. Naiheshimu taarifa hiyo kuliko mamia ya taarifa za mafanikio.

Kwenye matokeo mabaya kama hayo ndipo utamaduni wa kupima hufia katika mashirika mengi. Mratibu anayeleta habari mbaya huogopa kwamba mfadhili ataondoka, hivyo hajifunzi kuuliza. Mkurugenzi asipompokea mtumishi huyo kwa shukrani mbele ya wenzake, hakuna fomu itakayosaidia.

Gharama nayo si kisingizio. Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa pensheni ndogo wazee, wengi wao bibi waliokuwa wakilea wajukuu yatima. Katika tathmini yake ya 2008, wazee waliokuwa wakipokea walilinganishwa na wenzao wa hali kama yao ambao walikuwa hawajaanza kupokea. Ripoti ilipewa jina la vitu vilivyonunuliwa: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Orodha ya wanaosubiri, ambayo mashirika mengi huwa nayo, inaweza kutosha kuwa kipimo cha kulinganishia.

Pa kuanzia ni hapa: siku kijana anapojiandikisha, muulize anapata kiasi gani kwa mwezi na anafanya kazi gani. Andika namba yake ya simu, ya ndugu yake, na ya jirani asiyehamahama. Mweleze kwamba mtamtafuta, na upate ridhaa yake. Atakayempigia baada ya mwaka asiwe mwalimu wake, maana kijana aliyelelewa vizuri hatamwambia mwalimu kwamba somo halikumfaa.

Ombi langu kwa viongozi wa mashirika ya Kanazi na jirani zake: kabla ya kuandika andiko jingine la mradi, fungueni daftari la mafunzo ya mwaka juzi, mchague majina 20 kwa kura, muwatafute mmoja mmoja. Na wale mtakaowakosa, waandikeni pia.