Kabla ya Kusema Mzee Amerukwa na Akili, Damu Ipimwe

Mzee anapoanza kusahau majina ya wajukuu, kushuku kwamba watu wa nyumbani wanamwibia au kusikia sauti ambazo wengine hawasikii, wengi husema ni uzee, amerogwa au ni wazimu. Wakati mwingine chanzo ni upungufu wa vitamini B12, nao una tiba.

Vitamini hii husaidia kutengeneza chembe nyekundu za damu na kulinda utando unaofunika neva. Ikipungua, mgonjwa anaweza pia kuwa na huzuni isiyoisha, hasira za ghafla, uchovu, ulimi unaouma, ganzi miguuni au kuyumba anapotembea. Dalili za akili zinaweza kutokea hata kabla damu haijapungua mwilini.

Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku, kutoka kwa nyama, maini, samaki wakiwemo omena, mayai na maziwa. Ugali, sukuma wiki na maharagwe vina faida zake, lakini kiasili havina B12. Kwa kuwa ini huweka akiba ya miaka kadhaa, dalili huja polepole.

Walio katika hatari zaidi ni:
• Wazee, kwa sababu tumbo lao huenda lisiweze kuitoa vitamini hii kwenye chakula.
• Watu wasiokula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama.
• Waliofanyiwa upasuaji wa tumbo.
• Wanaotumia kwa muda mrefu metformini ya kisukari au omeprazoli ya vidonda vya tumbo. Wasiache dawa, wamuulize daktari kuhusu kupimwa.

Upungufu hugunduliwa kwa kupima damu na hutibiwa kwa sindano au tembe. Baadhi ya wagonjwa huhitaji sindano maisha yao yote. Usinunue tembe za asidi ya foliki ukadhani zinatosha: zinaweza kurekebisha damu huku neva zikizidi kuharibika.

Si kila ugonjwa wa akili hutokana na vitamini, kwa hivyo anayetumia dawa za akili aendelee nazo. Lakini ukiona mabadiliko haya kwa mtu wako, mpeleke kituo cha afya mapema ukiwa na dawa zote anazotumia. Matibabu yakichelewa, neva zinaweza kuharibika kabisa. Anayetishia kujidhuru apelekwe hospitalini mara moja.