Maji Yanayodondoka Kwenye Kiyoyozi Yasipuuzwe, Huotesha Kuvu Ndani ya Nyumba

Katika mikoa ya pwani kama Dar es Salaam na Tanga, hususan msimu wa masika, ni jambo la kawaida kukuta beseni limewekwa chini ya kiyoyozi kukinga maji. Wakazi wengi huyachukulia maji hayo kuwa kero ya kupiga deki tu. Hata hivyo, unyevu huo ukiachwa ukutani au darini huotesha kuvu, na hewa ya chumba kizima huchafuka.

Kiyoyozi hupitisha hewa ya chumba kwenye koili baridi, na mvuke uliomo hewani hugeuka matone, kama inavyotokea nje ya glasi ya maji ya barafu. Matone hayo hukusanyika katika trei na kutolewa nje kwa bomba dogo. Bomba likizibwa na vumbi na utelezi, au likifungwa bila mteremko, maji hurudi ndani. Kichujio kilichojaa vumbi nacho hupunguza mpito wa hewa, koili hushika barafu, na barafu hiyo ikiyeyuka trei hufurika.

Katika majengo yenye kiyoyozi kikuu, hewa husafirishwa kwa mifereji ya bati inayopita juu ya dari. Kifuniko cha kuzuia joto kikichanika, hewa yenye unyevu hugusa bati baridi na mfereji hutoa jasho. Fundi aliyeitwa kuziba paa anaweza kuhangaika siku nzima bila kuona tundu.

Doa linalokua mvua inaponyesha aghalabu hutokana na paa. Linalokua siku za jua, kiyoyozi kinapowashwa, hutokana na trei au mfereji. Lisilofuata mvua wala kiyoyozi huashiria bomba la maji. Katika hali hiyo mabomba yote yafungwe na dira ya maji iangaliwe, kwani namba zikiendelea kusogea kuna mahali panapovuja.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilieleza kuwa wakazi wa nyumba zenye unyevu na kuvu wamo katika hatari zaidi ya kupata matatizo ya upumuaji na kuzidiwa na pumu.

Muda ndio wenye uzito zaidi: kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48. Kuvu kwenye vigae au sehemu nyingine ngumu husafishwa kwa maji na sabuni, msafishaji akiwa amevaa glavu na barakoa. Dawa ya klorini kamwe isichanganywe na dawa yenye amonia, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu. Dari ya jipsamu iliyoota kuvu, pamoja na sufi ya kuzuia joto iliyolowa ndani ya mfereji, hazisafishiki, hubadilishwa. Kupaka rangi juu ya doa, kama wafanyavyo baadhi ya wenye nyumba kabla ya mpangaji mpya kuingia, ni kupoteza rangi, kwani doa hurudi.

Kuvu ikionekana ndani ya mifereji, mfumo uzimwe hadi fundi afike, maana feni husambaza mbegu zake katika vyumba vyote. Mpangaji anashauriwa kumjulisha mwenye nyumba kwa maandishi, akiambatisha picha zenye tarehe, kabla ya kubomoa au kubadilisha chochote.