Mbwa wa Ploti

Kazi ya keateka hapa Huruma inajulikana: kukusanya kodi, kufunga geti usiku, kuamua kesi za kamba ya kuanikia nguo, na kumtafuta fundi choo kikiziba. Mbwa hawamo katika mapatano yangu na mwenye nyumba. Lakini mtoto akiumwa, mbwa akizalia chini ya ngazi, au harufu ya mzoga ikitokea nyuma ya bafu, jina linaloitwa ni langu. Kwa hiyo nimewajua mbwa hawa kuliko nilivyotaka, na siku hizi nawajua kuliko ninavyowajua baadhi ya wapangaji.

Kwa asiyeijua Huruma: ni mtaa wa Eldoret, upande wa magharibi, kando ya barabara kuu iendayo Turbo, Webuye na hatimaye Uganda. Vyumba vimebanana ndani ya geti moja, bomba moja, kiwanja kimoja cha kufulia. Kule Elgon View kwenye kuta ndefu, mbwa ana mwenyewe na kibanda chake, na getini pameandikwa MBWA KALI. Na sisi tunayo maandishi hayo. Aliyepaka geti rangi aliyaandika bila kuuliza mtu. Mbwa wenyewe, hata hivyo, hulala nje ya geti, na ukali wao hutegemea una nini mkononi.

Mgeni akiwaona huwaita koko. Mimi sikubali. Chukua Sufuria, yule jike wa rangi ya majani makavu aliyepewa jina na watoto kwa sababu ya kulamba masufuria kabla hayajaoshwa. Asubuhi hunywa chai iliyobaki ya mama wa chumba cha tatu. Mchana humsindikiza muuza mboga hadi kibandani. Jioni hungoja vichwa vya omena kwa vijana wa boda, na usiku hubweka mtu asiyemfahamu akigusa geti. Huyo si mbwa asiye na kwao. Watafiti waliohesabu mbwa katika vijiji na miji ya Afrika, Tanzania ikiwemo, wamekuta jambo hilohilo: wengi wa wanaozurura wana nyumba wanazozijua na watu wanaoweza kuwashika.

Taabu huanza inapohitajika sindano. Hapo kila mlango hukumbuka kwamba mbwa ni wa mlango mwingine. Ninavyoona mimi, katika mitaa kama yetu kumwokoa mbwa hakuanzi kwa kumwondoa mtaani kumpeleka mahali fulani penye uzio na nyasi. Kunaanza kwa kumpatia mtu mmoja wa kusema "ni wangu" mbele ya daktari wa mifugo.

Nchi hii ina chama cha zamani cha kutetea wanyama. KSPCA ilianza mwaka 1910, wakati ule kwa ajili ya Afrika Mashariki yote, na kilichowasukuma waanzilishi ni mateso ya maksai waliokuwa wakivuta mikokoteni. Sisi wa Uasin Gishu, kaunti yenye Eldoret, tuna kauli hapo: Makaburu walioingia uwanda huu mwaka 1908 walikuja kwa mikokoteni hiyohiyo. Lakini makao ya chama yako Karen, Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka getini kwangu. Mbwa aliyegongwa na matatu usiku hawezi kungoja msaada wa huko. Anaokolewa na aliye karibu, au haokolewi.

Sufuria alifika msimu wa mvua, hana manyoya mgongoni, ngozi imekuwa ngumu na inanuka. Mtu alikuwa amempaka oili chafu ya gari. Hiyo ndiyo dawa ya ukurutu mitaani kwetu, na wanaoipaka hawana nia mbaya. Ila oili hiyo inaunguza ngozi, na mbwa akijilamba inaingia tumboni. Wengine huchukua dawa ya kupe ya ng'ombe, wakaikoroga kwa makisio, wakammwagia mbwa. Dawa iliyopimiwa ng'ombe inaweza kumuua mbwa kabla kupe hawajafa. Ukurutu unaletwa na wadudu wadogo mno wanaochimba ngozi, na unapona kwa dawa ambayo daktari huipima kwa uzito wa mbwa. Haikugharimu sana. Iliyotuchosha ni kazi ya kumshika.

Mbwa aliyezoea mawe hashikwi kwa kukimbizwa. Unachuchumaa ukimpa ubavu, humtazami machoni, unatupa chakula kidogo mbali na wewe, kisha unaondoka. Kesho unatupa karibu zaidi. Siku atakapokula akiwa amekupa mgongo, mambo yameiva. Kwa sindano, hata mbwa mpole afungwe mdomo: kitambaa kirefu kizungushwe puani, kipishane chini ya taya, kifungwe nyuma ya masikio. Watoto wa ploti yetu wanakijua kifundo hicho kuliko mimi.

Chakula nacho kina mambo yake. Tuko katika nchi ya mahindi, na mahindi yaliyoshika ukungu ghalani yana njia moja inayojulikana: binadamu hayamfai, basi apikiwe mbwa. Ukungu huo hutoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 upande wa Makueni na Kitui. Ini la mbwa ni dhaifu zaidi mbele ya sumu hiyo kuliko la wanyama wengi wa nyumbani. Mtu huona mbwa wake amekuwa manjano ndani ya macho, anatapika, anakufa, akasema amerogwa au ametegewa sumu na jirani. Ugali wa unga mzuri na omena unatosha. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vikali, afadhali uinyime.

Sumu ya kutegwa ipo pia, siwezi kuificha. Mbwa wakizidi mtaani, au mwanariadha akifukuzwa alfajiri (na Eldoret ina wakimbiaji kila barabara, na mbwa hajali kama unakimbilia medali au kibarua), hutokea mtu wa kupendekeza nyama iliyotiwa dawa. Nimeokota mizoga ya mbwa hao asubuhi kwa koleo. Hata tukiweka huruma pembeni, hesabu yenyewe haiendi. Mbwa wa ploti wakifa, jaa la taka halifi. Mabaki yapo, na wiki chache baadaye wanaingia wengine kutoka mtaa wa pili, hawajulikani na hawajachanjwa. Waliokufa, kwa vile walikuwa wepesi kusogelea mkono wa mtu, ndio waliokuwa rahisi kuchanjwa.

Na chanjo ndiyo inayofanya kazi. Mbwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa na kichaa hapa Kenya alikuwa karibu na Nairobi, mwaka 1912. Zaidi ya karne moja baadaye, ugonjwa huo bado unakadiriwa kuua watu wapatao 2,000 kwa mwaka nchini, na duniani watu 59,000, karibu wote kwa meno ya mbwa. Mkakati wa taifa wa kuutokomeza, ulioanza 2014 na unaolenga 2030, unataka asilimia 70 ya mbwa wachanjwe kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo. Watu huuliza kwa nini 70 na si wote. Mbwa mgonjwa mmoja, kwa kawaida, huambukiza mbwa mmoja au wawili tu kabla ya kufa. Akikuta wengi waliomzunguka wamekingwa, ugonjwa unakosa pa kwenda. Lakini mbwa wa mitaani hawaishi sana. Wanakufa na kuzaliwa wengine, kwa hiyo chanjo ya mwaka jana huwa imeshapungua nguvu mtaani hata kama haijaisha mwilini mwa mbwa aliyechanjwa.

Kisiwa cha Pemba kilifanya hivyo. Ni mahali ambapo Waislamu ndio wengi na nyumba nyingi hazifugi mbwa, lakini walipochanja kwa bidii kichaa kilitoweka mwaka 2014. Kikarudi 2016, wakachanja tena, na kufikia mwishoni mwa 2018 kilikuwa kimeondoka kwa mara ya pili. Habari hiyo nilimpa mzee wa chumba cha kona, Mwislamu, ambaye mbwa akimgusa kanzu hurudi ndani kubadilisha. Hakusema kitu. Baada ya hapo niliona ameweka bakuli la plastiki chini ya bomba, na maji hayakosekani humo. Mbwa mwenyewe bado hamgusi, na hakuna anayemtaka amguse.

Mwaka mmoja mvulana wa hapa aliumwa mguuni na mbwa tusiyemjua, anayetoa mate na kuuma hata vijiti. Mama yake alikuwa ameshatoka kumtafuta mganga mwenye jiwe jeusi la kunyonya sumu. Nilimpeleka mtoto bombani nikaosha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni ya kufulia, robo saa nzima, analia na watu wananiambia inatosha. Haitoshi upesi hivyo. Kirusi cha kichaa kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Kisha hospitali siku hiyohiyo, na ratiba iliyozoeleka: sindano ya siku ya kuanza, halafu siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Kirusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, mara nyingi kwa miezi kati ya mmoja na mitatu, ndiyo maana sindano huweza kukitangulia. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa usoni ana muda mfupi zaidi, na watoto huumwa usoni kwa sababu ya kimo chao.

Mbwa anayejulikana akiuma, msimuue. Mfungeni, mpeni chakula, mtazameni siku 10. Kama alikuwa na kichaa katika mate yake wakati anauma, hatazimaliza siku hizo akiwa mzima. Na si kila mwenye kichaa hukimbia akibweka. Wengine hunyamaza, taya linaning'inia, na mtu mwenye huruma humtia mkono mdomoni akidhani amekwamwa na mfupa. Nawaombeni msifanye hivyo.

Kuna jambo niliona Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ambalo bado linanifanya nisimcheke anayelilia mbwa. Watu wengi wa mitaa hii walikimbilia uwanja wa maonyesho na makanisani wakiwa na magodoro, wengine bila hata hayo. Mbwa walibaki. Nyumba nyingine zilikuwa zimeungua, na mbwa amelala palipokuwa mlango, akimbwekea kila mpita njia kama kwamba bado kuna kitu cha kulinda. Baadhi ya wenyewe walirudi baada ya miezi. Wengine hawakurudi kabisa, na mbwa wao ndio waliokuja kuwa wa ploti, kwa maana ya kwamba hakuna aliyewafukuza. Sufuria hakuwepo wakati huo, lakini sitashangaa kama ana damu ya mmojawapo.

Siku ya chanjo huwa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ambayo dunia huadhimisha vita dhidi ya ugonjwa huu, maana ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur, ambaye chanjo yake alipewa mtoto wa kwanza mwaka 1885. Watoto ndio huwaleta mbwa, kwa kamba za katani, kwa mishipi, mmoja kwa tai ya shule. Tulipofika mezani na Sufuria, daktari aliinua kalamu juu ya kadi akauliza, "Mwenye mbwa ni nani?"

Kimya. Watoto saba wamemshika kamba, hakuna mwenye mbwa.

Niliandikisha jina langu kwa hasira kidogo, na jioni nikaitisha mkutano kiwanjani. Tukapatana: kila mlango shilingi kumi kwa mwezi, zinalipwa pamoja na pesa ya taka. Kijana mmoja akagoma. "Mimi sina mbwa, keateka." Mama wa chumba cha tatu akamuuliza, "Na pikipiki yako usiku inalindwa na nani, mwanangu?" Akalipa. Kutoka mfuko huo tumepata chanjo, dawa ya minyoo kutoka duka la dawa za mifugo, na baada ya muda mrefu, upasuaji wa kumfunga Sufuria kizazi. Huo ndio ulikuwa ghali, na ndio ninaoutetea kuliko vyote. Jike hubeba mimba siku 63 tu na huingia joto karibu mara mbili kwa mwaka. Watoto wa kiume huombwa mapema, wa kike hutiwa guniani wakatupwa jaani. Nimefungua magunia hayo. Baada ya upasuaji alilazwa bafuni apate mahali pakavu, na ploti nzima ikaoga kwa foleni katika bafu lililobaki, kwa manung'uniko mengi.

Sasa kuna kesi mpya. Mama wa chumba cha tatu amehamia Langas, ng'ambo ya pili ya mji, akaondoka na Sufuria kwenye gari la mizigo pamoja na kadi yake, watoto wanalia. Baada ya muda mfupi Sufuria alirudi kwa miguu, amejaa tope, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba cha tatu, ambako sasa anakaa mwalimu kijana anayeogopa mbwa. Nikampigia mama. Akasema mbwa ni wake na atamjia. Hajaja, ila kila mwisho wa mwezi hunitumia shilingi kumi kwa simu. Mwalimu ameanza kumwachia makombo ya chapati, anaweka chini na kukimbilia ndani. Kadi bado iko Langas, Septemba inakaribia, na kijana wa pikipiki ameahidi kuipitia akipata mteja wa upande ule.