Walimu, Tusiharakishe Kukatiza Mchezo wa Mtoto

Aghalabu sisi walimu huuona mchezo kuwa kitu cha kupisha muda hadi kengele ilie tena. Nami nilishikilia rai hiyo mpaka mwaka 2008 uliponisuta.

Muhula wa kwanza mwaka huo, shule yetu katika Bonde la Ufa ilipokea watoto waliofurushwa makwao na ghasia za baada ya uchaguzi. Katika darasa langu la pili alikuwamo mvulana ambaye kwa majuma kadhaa hakutamka neno. Wakati wa mapumziko alijitenga na wenzake, akajenga vibanda vya matope na kuviezeka nyasi. Vikishasimama, alivikanyaga vyote. Kesho yake alirudia yayo hayo. Mimi niliona ukaidi na sare iliyochafuka. Nikamwamuru apige magoti mbele ya darasa. Alipiga, wala hakulia.

Mwalimu mwenzangu aliyesomea ushauri nasaha ndiye aliyenikanya, akanielekeza vitabuni. Kumbe niliyoyadharau yalikuwa yamechunguzwa kitambo! Mnamo 1928 Margaret Lowenfeld, daktari Mwingereza aliyewahi kuhudumu Poland baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alifungua kliniki ya watoto jijini London. Baadaye aliwapa sinia ya mchanga, maji na sanamu ndogo za watu, wanyama na nyumba, wakaumba watakalo. Naye Virginia Axline wa Marekani, katika kitabu chake cha 1947, alisisitiza kwamba mtoto ndiye aongozaye, mtu mzima hufuata bila kumharakisha. Mipaka huwekwa kwa matendo ya kudhuru, hisia hazikatazwi.

Waama, mtoto wa miaka saba hana msamiati wa kueleza hofu yake, lakini ana mikono. Katika mchezo, lile alilotendwa hulitenda yeye. Aweza kulisimamisha, kulirudia, hata kuligeuza mwisho wake. Ndiyo maana hurudia mchezo mmoja hadi mtazamaji akachoka.

Basi nikawa naketi karibu naye. "Umevikanyaga vyote," nilimwambia siku moja, nisimwulize kwa nini. Juma la tatu alinikabidhi konzi ya nyasi.

"Mwalimu, ezeka hiki. Ni cha nyanya."

Siku hiyo alivikanyaga vyote isipokuwa hicho. Kesho yake alikikanyaga nacho, kisha akaanza kunisimulia habari za nyanya yake, aliyebaki nyuma walipokimbia.

Sidai kwamba mwalimu mwenye wanafunzi 60 aweza kuwa tabibu. Mtoto aliyejeruhika sana moyoni apelekwe kwa mjuzi. Ila kuketi kando ya mtoto na kunyamaza hakuhitaji cheti, na matope hayauzwi.

Agosti mwaka huo familia yake ilihama. Sikuwa nimemwomba radhi kwa yale magoti.