Mfamasia Aliyetoka Dirishani

Tuseme ni mzee aliyepigana Vietnam. Anaingia kliniki na mfuko wa karatasi, anaumwaga mezani: chupa za dawa, nyingine zimeshapita muda. Aliyeketi mbele yake amevaa koti jeupe, lakini si daktari. Anamchoma kidole, tone la damu linawekwa kwenye kimashine, namba ya kipimo cha kuganda kwa damu inatokea: 4.8. Kwa anayemeza warfarini ili damu isigande, kwa kawaida hutakiwa iwe kati ya 2 na 3. Baada ya maswali mawili matatu siri inafichuka: wiki iliyopita mzee aliandikiwa kotrimoksazoli, Septrin yetu hii hii, nayo huipandisha warfarini bila hodi. Mfamasia anasimamisha dozi, anapanga upya, anamwambia arudi baada ya siku chache. Hakumpigia daktari simu kuomba ruhusa.

Hayo ni mambo ya kawaida katika hospitali za VA, idara ya serikali ya Marekani inayohudumia askari wastaafu. Mfamasia wa kliniki huko, ndani ya mipaka aliyoidhinishiwa, huanzisha dawa, hubadilisha dozi na huagiza vipimo. Muda anaupata wapi? Sehemu kubwa ya kuhesabu vidonge imehamishwa. Vituo saba vya mitambo hujaza na kutuma kwa posta takriban asilimia 80 ya dawa za wagonjwa wa nje. Hata kuskani msimbo pau kabla ya kumpa mgonjwa dawa wodini kulitokana na wazo la muuguzi wa VA mjini Topeka, Sue Kinnick, aliyeona wapokea magari ya kukodi wakitumia kifaa cha namna hiyo.

Kazi ya mfamasia wa kliniki hupatikana zaidi kwa waliopitia rezidensi: mwaka mzima baada ya shahada ya udaktari wa famasia, na mwaka wa pili kwa anayetaka kubobea, tuseme kwenye afya ya akili au saratani. Usiifananishe moja kwa moja na utarajali wa kwetu; huu ni ushindani. Vijana husailiwa, kila upande hupanga chaguo zake, na mwezi Machi mfumo wa kitaifa huwaoanisha. Wapo wanaokosa. Anayepata hulipwa chini sana ya mfamasia kamili, huzunguka wodi na kliniki, na juu ya hayo hudaiwa mradi wa utafiti. Faida moja naipenda: leseni ya jimbo moja inatosha kufanya kazi katika hospitali yoyote ya VA nchini.

Kwa Mtanzania au Mkenya mwenye shahada ya nyumbani, njia ni ndefu zaidi. Vyeti vihakikiwe, afanye mitihani, atimize saa za mazoezi. Kisha, kwa kawaida, VA huuliza uraia, na hapo green card haimsaidii.