Kuhani Hachagui Mungu kwa Ukubwa

Kuhani wa mchezo wa kuigiza wa Dungeons & Dragons ni mhusika ambaye nguvu zake ni za kuazima. Mwanajeshi hutegemea misuli na mchawi hutegemea vitabu. Kuhani husali, na kila siku mpya anaweza kupanga upya maombi atakayotumia. Ndiyo maana suala la mungu wake halikwepeki. Hata hivyo, mchezaji anayetaka kuhani mwenye asili ya Burundi, awe Magara au Bujumbura, karibu kila mara huanza na swali bovu: mungu yupi ana nguvu zaidi? Kisha hujijibu mwenyewe: Imana, kwa kuwa ndiye mkuu kuliko wote.

Jibu hilo ni kosa mara mbili. La kwanza ni la kanuni. Nguvu za kuhani hutokana na ngazi yake na nyanja aliyoichagua, yaani eneo la nguvu za kimungu analolitumikia, wala ukubwa wa mungu hauongezi kitu. Makuhani wawili wa ngazi ya tano wenye Nyanja ya Uhai wana maombi yaleyale, hata kama mmoja anamtumikia muumba wa mbingu na mwingine mlinzi wa kijito.

La pili ni zito zaidi, kwa sababu linapotosha mila yenyewe. Katika imani ya jadi ya Warundi, Imana ni muumba asiye na makuhani wala ibada maalumu. Jina lake hutajwa katika baraka, katika maamkizi na katika majina ya watoto, basi. Mwenye makuhani alikuwa Kiranga. Yeye ndiye mpatanishi kati ya watu na Imana, shujaa ambaye masimulizi yanasema aliuawa na mnyama akiwa mawindoni, na ndiye aliyeendewa kwa ajili ya uzazi, maradhi na mavuno. Wafuasi wake waliingizwa kwa ibada ya siri iliyoitwa kubandwa, wakapewa maneno yao wenyewe ya mafumbo. Aliyepandwa na Kiranga alishika mkuki na kusemeshwa kama Kiranga mwenyewe. Wakati wa sherehe adabu za kawaida ziliwekwa kando. Ni vigumu kupata mfano wa kuhani unaokaribia uigizaji kuliko huo, na bado wachezaji huuruka.

Huuruka kwa kuwa wameambiwa Kiranga ni shetani. Madai hayo yana historia. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifika Rumonge, Burundi, mwaka 1879. Watatu kati ya wamisionari hao waliuawa Mei 1881 na kituo kikafungwa. Waliokuja baadaye na kujenga misheni ya Mugera mwaka 1899 waliikuta kubandwa ikiwa imeenea, ikiwakusanya Wahutu, Watutsi na Watwa. Ilikuwa mshindani wao mkubwa, nao wakaipa jina la ibada ya shetani. Ni hukumu ya mshindani. Shetani, kwa Mkristo na Mwislamu, ni mwasi anayempinga Mungu. Kiranga hakumwasi Imana, alimwombea mtu kwake. Mwongoza mchezo anayemweka Kiranga katika orodha ya pepo wabaya ananakili mahubiri ya zamani bila kuyasoma.

Yaliyobaki ni mepesi. Kwa toleo la mchezo la 2014 nyanja huchaguliwa ngazi ya kwanza. Kwa toleo la 2024, ngazi ya tatu. Kuhani wa Kiranga anafaa Nyanja ya Uhai kwa ajili ya uzazi na tiba, Maumbile kwa ajili ya mawindo, au Hila kwa ule uvunjaji wa adabu. Hekima ipewe alama ya juu kabisa. Mkuki unaruhusiwa: kanuni za kwanza za mchezo, za 1974, zilimkataza kuhani silaha zenye makali, za leo hazimkatazi. Maombi yote yasimalizwe kwa kuponya, maana katika matoleo haya kumwinua mwenzi aliyeanguka hulipa kuliko kuziba kila mchubuko. Kwenye karatasi ya mhusika yaandikwe mambo matatu: mungu anadai nini, anakataza nini, na nani alimwingiza katika ibada. Anayeogopa kwa ajili ya dini yake na abuni mungu mpya kabisa, kanuni zinamruhusu. Lakini Imana asiandikiwe makuhani ambao Warundi hawakumpa.